Nachelea

Darasani walinipa neno hili likiwa limepigwa pasi:
dauti, maana yake shaka.
Katikati yake kuna herufi B
iliyolipa nauli lakini haishuki kituo chochote;
haisemwi, haisikiki, ukiisahau unakatwa maksi.
Sikuisahau. Nikapata cheti,
nikapata kazi Arbroath, kwa Bi Ishbel Cargill,
nyumba ya tatu kutoka banda la samaki wa moshi,
miaka themanini na sita, nyonga moja ya chuma.

Jumanne ya kwanza akatazama dirishani.
Nadut itanyesha, akasema,
dut, mdomo ukichongoka kama anapuliza chai.
Nikapiga hesabu: anatia shaka kwamba itanyesha,
basi haitanyesha.
Nikaanika mashuka manne na taulo zote.
Saa sita mchana niliyaondoa kambani mazito,
yakinitiririkia viwikoni,
naye nyuma ya kioo anacheka mpaka meno yakamtoka,
yale ya kuvaa.
Nilikwambia, akasema. Hukusikia?

Nilisikia. Ndilo lililokuwa tatizo.

Ijumaa: Nadut Innes haji.
Innes ni mwanawe, yuko kwenye mitambo ya mafuta,
wiki tatu majini, wiki tatu nchi kavu,
na nchi kavu ina baa nyingi.
Nikahesabu tena, kwa vidole, chini ya meza:
anatilia shaka kutokuja kwake,
hasi mara hasi, chanya.
Nikamenya viazi vya watu watatu.
Sahani ya tatu ilikaa mpaka mchuzi ukaota ngozi.
Siku hiyo hakucheka.
Aliifunika kwa sahani nyingine, polepole,
kama amfunikaye mtoto aliyepitiwa na usingizi.

Usiku nikafungua kamusi. Kamusi ilishikilia lake: shaka.
Nikageukia upande wangu.
Umoja shaka, wingi mashaka,
na mashaka si shaka nyingi, ni dhiki,
ni mama kubisha mlango wa tatu akitafuta karo.
Kumbe hata nyumbani neno lilikuwa na chumba cha ndani
nami miaka yote nimekaa barazani.

Ndipo shangazi Mwanamvua akanijia, Korogwe, mlangoni pa jiko,
pua juu, ananusa hewa: Nachelea mvua.
Hakuwa na shaka hata chembe.
Kuni alikwisha kuziingiza.
Kuchelea ni kulijua jambo
na kutolitaka.
Mchelea mwana kulia, tuliandika ubaoni,
hulia mwenyewe;
tukapewa vema, tukafuta ubao.

Machi akaja muuguzi kutoka Bristol,
Philippa, mpole, viatu havina mlio.
Akauliza maswali yaliyo kwenye fomu.
Bi Ishbel akajibu akitazama mikono yake:
Nadut Mei sitaiona.
Philippa akatabasamu, akaandika,
nikaona kwa pembeni: mgonjwa ana matumaini.

Lugha ni yake. Amezaliwa nayo,
hakuna aliyemkata maksi kwa ajili ya B.
Nikasema, samahani dada, hakusema hivyo.
Nikaeleza. Mimi, mtu wa Korogwe,
nikamfafanulia Mwingereza neno la kwao
lilivyobadilisha nguo njiani kuelekea kaskazini.
Kalamu ikasimama. Akakata mstari,
akauliza kwa sauti ndogo,
Innes ana namba ya simu?

Alipoondoka tulibaki na saa ya ukutani.
Bi Ishbel akaniangalia kwa muda, kisha akaangalia nje,
kamba tupu, vibanio vimepangana kama ndege,
wingu limelalia paa la wachoma samaki.
Leo hujaanika, akasema.
Sijaanika, nikasema. Nachelea.

Hakuuliza maana yake.